Teke la Oldonyiro

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu Kendi. Ni siku niliyompiga Halima teke kule Oldonyiro, mbele ya kamera na watu wote wa sinema, na sijawahi kumsimulia mtu ilivyokuwa kweli. Leo nakusimulia kwa sababu ya maneno niliyokusikia ukisema jana jikoni kwa mama yako.

Ulikuja umenuna. Ukasema wale vijana wanaotengeneza filamu za mapigano kwa simu wamemchagua yule msichana wa Kinna awe nyota, na wewe wamekufanya adui wake, ati utapigwa halafu uanguke. Ukasema umeanza karate kabla yake na mateke yake ni ya kuku. Mama yako akakwambia uombe Mungu. Wewe ukasema, "Jumamosi nitamwonyesha." Mimi nilikuwa nachambua maharagwe, na mikono ilisimama yenyewe.

Unaniona hivi, shangazi yako, siwezi kupanda bodaboda bila kuugua, lakini nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilikuwa napiga teke lililofika juu ya mlango. Tuliishi Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, baba akilima vitunguu na mahindi. Karate tulifundishwa kwenye ukumbi wa kijamii mjini na koplo mstaafu, mtu mkali kweli, tukimwita Sensei. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na Halima.

Halima alikuwa binti wa mwenye malori hapo mjini. Alikuja na suruali pana, mtandio ameufunga nyuma ya shingo ukakazika, na kila akiingia alitoa salaam aleikum kwa ukumbi mzima, kisha ananigeukia mimi, "Kathure, habari ya Burat?" Nilikuwa nimemtangulia miaka minne. Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama na kukunja ngumi bila kujivunja kidole gumba. Nilikuwa na mkanda wa kahawia, yeye alikuwa bado kwenye kijani. Nilimpenda, usidhani sikumpenda. Nilimpenda vizuri kabisa alipokuwa chini yangu.

Basi wakaja watu kutoka Nairobi kutengeneza sinema ya wezi wa mifugo. Walitafuta msichana wa huku huku, anayejua kupigana, acheze kama binti wa mwizi mkuu anayewageuka watu wa baba yake na kuwatetea wafugaji. Alikuwa na maneno ya kusema, na uso wake ungewekwa kwenye bango. Nilitangaza Burat nzima kwamba nafasi hiyo ni yangu. Nilimwambia hata mama muuza miraa pale steji ya matatu, ambaye hakuwa ameniuliza kitu.

Aliyekuja kutupima alikuwa mwalimu wa mapigano, akiitwa Odera, mfupi, mwenye kitambi. Nilimdharau nilipomwona tu. Akaniambia nipige teke hewani, nikapiga, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekubali chai. Kisha akasema, "Sasa mpige Halima kichwani, lakini usimguse. Mwachie shibiri moja." Akatueleza kwamba kamera itakaa nyuma ya bega la mmoja wetu, na mtazamaji hataiona hiyo shibiri.

Nikapiga. Wallahi, kama alivyozoea kusema Halima mwenyewe, kichwa chake kiliruka, mtandio ukapeperuka, akazunguka mara moja na nusu, akaanguka chini kwa bega, vumbi likainuka. Sensei alisimama kutoka kwenye kiti chake. Mimi mwenyewe niliutazama mguu wangu kuhakikisha sikumgusa. Watu wakapiga makofi, na makofi yote yakaenda kwa Halima. Teke langu, sifa zake. Hapo ndipo wivu ulinianza, nakumbuka hata mahali uliponishika, hapa chini ya mbavu.

Tukabadilishana. Halima akapiga, mimi nikabaki nimesimama kama nguzo ya stima. Miaka sita Sensei alinifundisha nisipigwe, na mwili wangu ulikataa katakata kujifanya umepigwa.

"Dada, umepigwa," Odera akasema. "Mbona unasimama?"

"Sijapigwa," nikamjibu.

Akacheka. "Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Ukiona mtu kwenye sinema ukasema huyu ni moto, anayemfanya awe moto ni yule anayeanguka. Mwenye teke zuri nampata kila mtaa. Anayejua kumpokea mwenzake, huyo namtafuta mwaka mzima."

Niliona ni maneno ya mtu mwenye kitambi. Kesho yake wakamchagua Halima. Mimi nikapewa kuwa mmoja wa wezi, uso umefungwa kitambaa, ambaye angempiga Halima teke moja na kumwangusha kwenye magunia ya mahindi.

Mwanangu, wivu nilioubeba wiki mbili zile sitakuficha. Nilikuwa naangalia nani ameletewa kiti kwanza. Akikohoa, nilisikia anajidai. Akinisifu, nilisikia ananisimanga. Nilifika mahali pa kuchukia jinsi anavyomimina maji kwenye kikombe. Nikirudi Burat nilikuwa namwambia mama kwamba Halima amechaguliwa kwa sababu ya baba yake, na mama, mtu wa kanisa, akawa ananiamini, nami nikazidisha.

Mazoezi yetu yalikuwa na sheria moja. Odera aliirudia mpaka ikatuchosha: macho kwanza. Kabla ya teke, mpigaji na mpigwaji lazima waangaliane. Yeye akikuangalia, amekwambia yuko tayari. Ndipo mnahesabu pamoja moyoni, moja, mbili, tatu, na ya nne teke linakuja na kichwa kinaondoka. Usipoyaona macho yake, hupigi, hata kama mwongozaji anakufokea. Sheria yenyewe ni rahisi, hata mtoto angeishika.

Tukaenda Oldonyiro, kwenye soko la mifugo, siku ambayo si ya soko. Mbuzi walikuwa wameletwa wajaze uwanja, magunia yamepangwa, jua linawaka. Mara ya kwanza tulipopiga picha ilienda sawasawa. Macho, hesabu, teke, Halima akaruka kwenye magunia, wachungaji waliokuwa wanatazama wakaguna kama wamepigwa wao. Mwongozaji akasema turudie mara moja tu, ya akiba.

Wakati tunangoja, dada mmoja alikuwa anampepea Halima kwa kipande cha katoni. Halima akaniita nikanywe chai yake. Akawaambia wale watu wa Nairobi, "Huyu ndiye aliyenifundisha mimi." Wote wakanigeukia, mimi na vumbi langu na kitambaa changu cha mwizi, na mmoja akasema, "Kumbe." Hakusema kwa ubaya. Lakini hiyo kumbe iliniingia kama mwiba wa mgunga, na nilirudi kwenye alama yangu nikiwa sioni vizuri.

Kamera ikaanza. Halima akapigana na mwizi wa kwanza, akapigana na wa pili, akaanza kunigeukia. Macho yake yalikuwa bado hayajanifikia. Niliona sikio lake na upande wa shavu. Nilijua. Ukisikia watu wakisema niliteleza, wanasema nilichowaambia mimi. Sikungoja macho, nikapiga kwa hesabu ya tatu, na sikuacha shibiri.

Na yeye, mwanangu, akaanguka vilevile tulivyofanya mazoezi. Alizunguka, akaingia kwenye magunia kwa bega, akanyoosha mkono jinsi Odera alivyomfundisha, kwa sababu kamera ilikuwa bado inakwenda na hakutaka kuwaharibia wenzake kazi. Mwongozaji akasema vizuri sana. Ndipo tukaona haamki. Walipomgeuza, damu kidogo ilikuwa inamtoka sikioni.

Alipoweza kukaa, watu walikuwa wamenizunguka wakiuliza. Halima akasema, "Nilichelewa mimi." Akasema mara mbili, akiwa ameshika kichwa.

Odera akanivuta kando, nyuma ya lori. Sikuwahi kumwona bila kicheko. "Hukungoja macho yake," akasema. Nikaanza kueleza habari ya jua na vumbi. Akaningoja nimalize. "Teke lako ni zuri kuliko yote niliyoona tangu nifike huku. Sasa niambie, nikuweke mbele ya nani? Nani nimwambie simama hapa mbele ya Kathure, ufumbe macho ukitaka, utarudi kwa mama yako mzima?" Nilirudi Isiolo kwenye lori la mbuzi.

Siku ya tatu nikaenda kwao Halima na ndizi. Daktari alikuwa amewaambia ngozi ya ndani ya sikio la kushoto imepasuka. Halima alikuwa amelala, na nilipomsalimu aligeuza kichwa chote ili anisikie kwa upande wa pili. Hilo analifanya hadi leo. Mama yake alipotoka kuleta chai, Halima akaniambia polepole, "Kathure, ungeniambia tu kwamba unaitaka nafasi ile. Tungekaa tukaongea."

Nikamwambia, "Ilikuwa bahati mbaya." Na unajua nilichohisi? Si aibu. Nilikasirika kwamba hata kwa wema amenishinda.

Sinema ilipokamilika wakaja kuionyesha palepale ukumbini, Jumapili mchana. Nilikaa nyuma. Nilipoona soko la Oldonyiro nilishika kiti, nikijua watu wote wataliona teke lile. Likaja, watu wakapiga kelele, na nikaona ni lile la kwanza, lile la uongo lenye shibiri yake. Baadaye nilimuuliza Odera lile la pili limeenda wapi. Akanijibu bila hata kunitazama, "Tulilitupa. Halikuonekana kama teke. Teke la kweli ni fupi, kamera hailioni."

Basi sikio la mtu liliondoka kwa kitu kilichotupwa.

Halima alipona akaendelea na kazi hiyo. Sasa ndiye anayefundisha mapigano huko Nairobi, na wasichana wanatoka mbali kuja kujifunza kwake kuanguka. Jina lake likipita kwenye televisheni mwisho wa filamu, mimi hupata ghafla sababu ya kwenda kuangalia birika. Nina miaka hamsini na saba na nina wajukuu, na wivu bado ninao, ungali hapa chini ya mbavu. Sitakudanganya kwamba unaisha.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii usione wivu. Nakuambia usiupeleke kwenye mguu. Mpiganaji mzuri wa sinema hupimwa kwa mwenzake: yule aliyepigwa naye mara mia, je, amerudi nyumbani na meno yake, na je, kesho atakubali kusimama tena mbele yake? Mkanda hauulizwi, wala nani alianza kabla ya nani. Na yule aliyepangiwa kuanguka ndiye anayebeba kazi yote, kwa hiyo usiione nafasi yako kuwa ndogo. Mimi niliiona ndogo, na sikupata nyingine tena.

Leo, kabla ya jua kuzama, mpigie simu huyo msichana wa Kinna. Mwambie, nilitaka nafasi yako na nimekuonea wivu. Utaona aibu, uso utawaka, lakini sema. Mimi maneno hayo yamenikaa kooni zaidi ya miaka thelathini, na Halima bado anageuza kichwa. Jumamosi ukisimama mbele ya mwenzako, yatafute macho yake kwanza. Usipoyaona, shusha mguu.

Mungu akuongoze, mwanangu, akulinde wewe na akulindie kila atakayesimama mbele yako. Akupe mdomo mwepesi kuliko mguu wako. Haya, simu yangu hii hapa, ina salio.