Magidu na Uji wa Mama Mkwe

Magidu wa Nabuyonga hakumwamini mtu. Muuza vitenge huyu wa Mbale alirudia kupima hata kitambaa alichokipima mwenyewe, na msikitini alisali jicho moja likilinda viatu.

Kwa hiyo daktari wa Jinja alipomwambia ana talasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, alimtaka apime tena.

"Damu yako haba," daktari akasema, "lakini chuma kimekujaa mwilini. Vidonge vya foliki, meza. Vidonge vya chuma, marufuku. Vitamini yoyote, soma chupa kwanza. Chuma kikizidi kitakula ini, kisha moyo."

Mbale ikacheka. Mtu kapungukiwa damu, anakatazwa chuma! Faruk, jirani yake wa dukani, akasema daktari huyo lazima ana hisa kwenye biashara ya sanda.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Buwenge kumwuguza. Walimwita Nalongo, kwa kuwa amezaa pacha. Kwa Wasoga, kabila lake, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, basi bibi huyo akajichimbia jikoni nyuma ya pazia. Kila asubuhi Babirye, mke wa Magidu, akawa anatoka huko na uji wa wimbi uliokamuliwa ndimu. Uji mtamu, ila una ladha ya kufuli.

Miezi ikapita. Daktari akapima tena, akakunja uso.

"Chuma kimepanda. Unameza nini?"

"Foliki tu, daktari."

"Basi kuna mtu anakulisha."

Magidu nusura ashangilie. Maisha yake yote alikuwa akisema kuna njama, na sasa hii hapa! Akanusa chumvi, akachungulia birika, akamhoji Babirye kama afande wa kituoni. Bure. Hadi asubuhi moja aliposikia sufuria ya uji ikilia jikoni: ko, ko, ko.

Uji gani una mifupa? Lakini kulifunua pazia ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Akamtuma Babirye akoroge hadi chini. Mwiko ukaibuka na jembe kuukuu, halina mpini.

"Babirye," Magidu akapaza sauti, "muulize mama, nilime nini tumboni?"

"Mwambie mume wako," pazia likajibu, "jembe hilo limewarudishia damu wanawake wangapi waliojifungua Buwenge! Yeye nani?"

"Mwambie mama, wale walikosa chuma. Mimi ninacho. Damu yangu ni nyumba ya mafundi walevi: matofali yamejaa uani, ukuta hausimami. Naye kila siku ananimwagia lori jingine, na ndimu yake ndiyo inayofungua geti. Yatanifukia, na binti yake atabaki mjane."

Kisha jembe likaruka dirishani, likamkosakosa kuku.

Ijumaa Faruk akaja na chupa ya vitamini, zawadi kwa mgonjwa. Kabla hajaketi, sauti ikatoka jikoni:

"Babirye, soma hiyo. Chuma kimo?"

"Kimo, mama."

"Basi aliyeileta ameze mwenyewe, zote, hapo hapo."

Faruk akakumbuka ameacha duka wazi.

Magidu akainua kikombe cha uji, ambao siku hizo haukuwa na ndimu wala ladha ya kufuli. Akasita. Akanusa.

"Babirye," pazia likasema, "mwambie mume wako nimesikia hiyo pua."

Akanywa wote.