Tondo Ukutani

Tondo hataki haraka. Ni konokono mdogo wa baharini, hazidi ncha ya kidole gumba, na nyama yake imejikunja ndani kabisa ya gamba. Ukishamchemsha unamchokoa kwa mwiba, unamvuta huku ukimzungusha, na ukifanya pupa anakatika, mkia unabaki ndani. Kwa hiyo kwetu Unguja sikumwona mtu akila tondo peke yake. Tulikaa jamvini wanawake sita, saba, tumezunguka sinia moja, kila mmoja na mwiba wake wa mndimu, mikono inachokoa na midomo inasema. Sinia dogo liliweza kutuchukulia alasiri nzima. Majina ya wale niliokaa nao ninayo yote, na ya mama zao, na ya watoto waliokuwa wamewabeba. Siyaandiki hapa, maana wengine wangali hai na wana wakwe.

Sasa ninaishi Uingereza, mjini Birmingham, mtaa wa Perry Barr, kwa mwanangu wa kiume. Alinichukua baba yake alipofariki. Nyumba ni nzuri, ina joto, na tangu asubuhi hadi jioni haina mtu. Mwanangu anaendesha lori, siku nyingi analala njiani. Wajukuu wako skuli, na wakirudi wananisalimu vizuri, nikisema nao wananielewa, kisha wananijibu kwa Kiingereza na kupanda zao juu. Mimi nakaa jikoni na redio. Nimeshajua basi kubwa na basi dogo kwa mtikisiko wa dirisha.

Mkazamwana wangu, yaani mke wa mwanangu, ni Msomali aliyekulia Nairobi. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tunapendana, alhamdulillahi, lakini tunapishana mlangoni. Anaingia: "Mama, umekula?" Nimekula. "Dawa umekunywa?" Nimekunywa. Basi, maneno ya siku nzima yamekwisha.

Mwaka huu, baridi ilipoanza kulegea, nilikwenda soko la samaki mjini. Nikawaona kwenye trei, juu ya barafu. Rangi yao kijivu cheusi, wana mistari inayozunguka hadi nchani, mdomo wa gamba mweupe kwa ndani, na kila mmoja amejifungia kwa kifuniko chembamba, rangi yake kama ukucha wenye hina iliyochakaa. Hawakuwa tondo wa kwetu hasa. Wa kwetu ni warefu, na hawa ni wa mviringo, wa majabali ya bahari ya huku. Lakini nilipomgusa mmoja akakaza kifuniko chake, na moyo ukanidunda kama msichana. Nikanunua mfuko mzima. Ndani ya basi nilikuwa nikiwasikia wakigongana mapajani mwangu, nami nawaza jambo moja tu: mkazamwana leo anatoka kazini mapema, leo nitapata mtu wa kukaa naye.

Kabla ya kuchemshwa, tondo hulazwa kwenye maji ya bahari wateme mchanga. Mji huu hauna bahari, una mifereji ya kupitia mashua. Nikajaza beseni maji ya bomba, nikatia chumvi ya kupikia, nikaonja. Nikaongeza, nikaonja tena, mpaka ulimi ukaniambia ndiyo haya, ndiyo maji ya pwani yetu yanapoanza kujaa. Nikawatia ndani, nikafunika kwa sahani, nikaenda kuswali adhuhuri.

Ulimi ulinidanganya. Sijui ni bahari ya huku yenye chumvi nyingine, au ni mimi niliyeisahau ya kwetu. Niliporudi, sahani imesogea na tondo wanatoka. Wanapanda vigae vya juu ya sinki, vifuniko wazi, wametoa pembe mbili nyembamba kama nyuzi, na kila mmoja anaacha njia ya maji nyuma yake. Kuwaokota ilikuwa kazi ndogo. Sikuwaokota. Nilivuta kiti nikakaa. Katika nyumba ile, tangu asubuhi, kitu kilichokuwa kikitembea ni mimi tu. Mmoja alifika kwenye swichi ya taa, akasimama kama anayefikiri.

"Washa, bwana," nikamwambia, "humu mna kiza."

Nikacheka peke yangu, halafu nikaona haya. Mara mlango ukafunguliwa.

"Mama! Ni nini hizi kwa ukuta?"

"Tondo, mwanangu."

"Zinatembea!"

"Wametoka mbali hao. Waache wanyooshe miguu."

"Hazina miguu, Mama!" Mkazamwana alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani. "Ni za nini?"

"Za kula."

Akanitazama kama niliyesema nitakula kiatu. "Wallahi, Mama, sisi kwetu ni ngamia na mbuzi. Hata samaki nilianza kula juu ya huyu mwanao. Hizi sitaki hata kwa sufuria yangu. Zitoe, tafadhali."

Nikasema sawa. Nikaanza kuwabandua mmoja mmoja. Wakibanduka wanatoa sauti ndogo, kama busu la mtoto mchanga. Macho yalinijaa, na jiko letu ni dogo, halina pa kugeukia. Akaona.

"Mama, unalilia konokono?"

"Silii."

"Unalia."

"Mimi sikutaka ule," nikamwambia. "Nilitaka ukae."

Akavua viatu vya kazi, akaviweka chini ya kiti. "Kuna ile sufuria ilichomeka na maziwa," akasema. "Tumia hiyo."

Nikawachemsha, nikakamulia ndimu, nikatia pilipili. Badala ya mwiba nikachukua pini ya ushungi. Yeye akakaa ng'ambo ya meza na kikombe cha chai, ushungi kauvuta hadi puani.

"Nitakaa. Sili."

"Usile."

Tondo wa kwanza akakatika. Wa pili akakatika. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, na gamba lile ni dogo, mlango wake mwembamba. Alivumilia hadi wa nne.

"Lete hapa," akasema. "Kazini nalisha watu vitu vibaya kushinda hivi." Akachukua pini, akatazama pembeni, akazungusha, na nyama ikatoka nzima, imejikunja hadi mkiani.

"Hee! Mkono huo!"

"Nyamaza, Mama, nisitapike."

Akawa anachokoa, mimi nakula. Na mikono ilipozoea, mdomo nao ukafunguka. Akanisimulia mama yake alivyokuwa akiuza maziwa ya ngamia Nairobi, akivifukiza vibuyu kwa moshi kwanza, na wateja wakiyagombania. Akanisimulia bibi mmoja kule kazini anayemwita kila siku kwa jina la binti yake, na yeye anaitika. Tangu aolewe na mwanangu nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo. Magamba matupu yaliongezeka kwenye sahani, chai yake ikapoa, na akaendelea.

Nyama ya tondo wale ilikuwa ngumu kuliko ya kwetu, na mimi nilikuwa nimeshiba walipobaki nusu. Nilipokea kila alichonipa, nikatafuna polepole. Wakiisha, angenyanyuka.