Tausi na Idi Mbili

Tausi, muuza machungwa wa Muheza, hakuwa na ugomvi na Ramadhani. Ugomvi wake ulikuwa na Idi, na hasa na watu wa Idi. Mumewe Safari alifariki miezi michache baada ya sikukuu iliyopita, na hii ndiyo ilikuwa Idi yake ya kwanza bila yeye. Wifi yake Samiha, dada wa marehemu, alishapiga simu toka Tanga mjini mapema: "Tunakuja kula sikukuu kwako, wifi. Usijifungie ndani, jikaze!"

Jikaze! Huyo wa jikaze ndiye aliyeondoka na kanzu ya Safari siku ya arobaini, ile nyeupe ya Idi yenye tarizi kifuani, eti ukumbusho. Ukumbusho gani unaovaliwa na mumewe Suleimani, mwenye tumbo la kupasua vifungo? Tausi aliwaona kabla hawajafika: Suleimani kwenye kanzu ile, ameketi mkekani pahala pa Safari, anachota pilau, Samiha kainua simu, analia kidogo kwa ajili ya picha, anajifuta, anaomba soda. Hata! Afadhali alale na njaa kuliko kuketi mbele ya kanzu ile.

Mwezi ukamwokoa. Kama kawaida watu walivutana, wengine wakaufuata ulioonekana Uarabuni, wengine wakasema watasubiri wa hapa. Samiha na mumewe walikuwa wa kwanza kuvaa, na asubuhi wakagonga.

"Mwezi wangu bado," Tausi akajibu nyuma ya mlango. "Nimefunga."

"Toka lini, wifi? Mwaka jana si tulisali pamoja?"

"Mwaka jana nilikuwa na mume."

Samiha akasonya, Suleimani akauliza hiyo pilau sasa wataila wapi, wakaondoka. Tausi, ambaye wala hakufunga, akajimiminia chai ya pili.

Kesho yake ikawa zamu ya majirani wa mwezi wa hapa. Wakaja kundi zima, wananukia udi mpaka kuku wanapiga chafya. "Idi mubarak, bi Tausi! Vaa twende."

"Mimi nilimaliza jana, wenzangu."

Wakatazamana, wakaondoka wananong'ona. Lo, akawaza Tausi, mwezi mmoja tu unawashinda kuuona, ndio wanataka kunibebea msiba! Alikuwa bado anajipongeza ikapigwa hodi nyingine. Huyu alikuwa Leticia, jirani wa ua wa pili, Mkatoliki, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge.

"Jana ulisema bado, leo unasema jana," Leticia akasema. "Nimesikia yote. Mimi mwezi wenu haunihusu, shoga. Fungua."

Kwa Leticia uongo ulikuwa umemwishia. Akafungua, akaona sahani yake ya bati yenye ua la bluu, akaipokea kwa mikono miwili. Kila Idi Safari alikaanga ini kwa mkono wake, na sahani ya kwanza ilivuka ua kwenda kwa Leticia. Krismasi ilirudi na kuku, maana jirani humrudishii chombo kitupu. Mara hii Safari hakuifikia Krismasi.

"Nilishindwa kuileta msibani," Leticia akasema. "Krismasi nikaiangalia tu, nikalia. Leo nimekaanga ini. Sijui alikuwa analifanyaje."

Tausi akaonja. Limeungua, ndimu hamna, chumvi imezidi.

"Leticia, hiki ni kiatu!" akasema kwa dharau ileile ya siku mbili, na hapo machozi yakamtoka, mengi, hayana adabu. "Safari angekucheka huyo, angekucheka mpaka akae chini."

"Basi nicheke wewe."

Akacheka na kulia kwa pamoja, akala kiatu chote. Kisha akaiosha sahani, akaijaza machungwa, akamkabidhi mlangoni.

"Idi mubarak," akasema. "Na Krismasi nataka kuku wangu. Ila mpishi tafuta mwingine."