Busu la Tatu

Waziri wetu, aliyekuwa meya hapa, ni mtu wa mrengo wa kushoto, ila kushoto kwa adabu. Yeye hukushika mkono kwa mikono miwili, akauliza hali ya goti la mama yako, macho yameshahamia kwa mpiga kura anayefuata. Jumamosi hii, uchaguzi ukiwa kesho na kiti chake cha ubunge kikiyumba, alipita sokoni akibusu watu mashavuni. Mabusu mawili mawili, kama Paris; sisi hapa mkoani desturi ni matatu. Kwenye meza yetu ya jibini, shavu la Bi Huguette, ninayeuza naye, likabaki hewani likingoja.

"We mwanangu, la tatu umemwachia nani huko wizarani?"

Soko likaangua kicheko. Waziri akaiva kama nyanya, akalitoa hilo la tatu, kisha akarudi meza ya kwanza kuanza upya. Pale muuza samaki, ambaye hajawahi kumpigia kura, alikuwa ameshatega shavu.