Sinia la Wakwe

Wanawake walioninyanyukia kwenye sinia walikuwa watano. Majina yao nayajua yote, na majina ya baba zao, na nyumba ya nani ilikuwa ya ngapi kwenye mstari. Siyaandiki kwa sababu watoto wao wapo, na watoto hawakunikosea. Mama zao walinikosea, na sijawasamehe, hata wale watatu waliokwishazikwa. Kwenye misiba yao nilikwenda, nikakaa, nikanywa chai yao, nikarudi nyumbani.

Wakati huo tulikuwa tumehamishwa mashambani kwetu, tukaletwa kijiji kipya karibu na barabara ya Kitomanga. Mikorosho yetu ikabaki nyuma, mwendo wa saa mbili. Shamba la kijiji tulililima siku tatu kwa wiki, na siku hizo wanawake wachache walibaki kupika. Adhuhuri tuliketi mikekani, watu sita sinia moja, mkono mmoja mmoja. Mkutanoni wakubwa walisema mengi juu ya ujamaa. Mimi niliouelewa ni ule wa kwenye mkeka, kwamba jirani yangu ambaye jana sikumjua leo vidole vyake na vyangu vimo katika ugali mmoja.

Uvimbe ulinianza mwaka wa pili wa kuhamia. Ulikuwa kama korosho moja, chini ya koromeo, unapanda na kushuka nikimeza. Mganga alinichanja chale, akanifunga majani, ukakua. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akasema, "Hilo ni rovu tu, wifi. Wanawake wa milimani wanalo na wanazaa nalo." Alikuja kunikanda kwa maji ya moto siku nne mfululizo. Naliandika hilo ili nisije nikaambiwa nimeficha.

Sauti ilipoanza kukwaruza mume wangu akanipeleka Lindi. Daktari wa Lindi akanipapasa, akaandika barua, nikapelekwa Dar es Salaam juu ya lori la korosho. Huko wakanipasua. Nilipopata fahamu daktari akanieleza kwamba ni saratani, imeshika tezi ya shingo, wameitoa yote, na kwa kuwa tezi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiupa mwili nguvu na joto lake, nitameza kidonge kila asubuhi maisha yangu yote. Nikamuuliza kwa ishara na kwa pumzi, maana sauti haikuwepo, ni nani aliyeniambukiza.

"Hakuna aliyekuambukiza, mama," akasema. "Na wewe huwezi kumwambukiza mtu."

Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa Kipatimu, Mkristo, amepasuliwa kabla yangu kwa ugonjwa huohuo. Watu wa kwao na wa kwetu ni watani, kwa hiyo hakunipa pole. Walipoleta uji, funda la kwanza tu nikapaliwa, uji ukatokea puani. Akanitazama.

"Mtani, pua ni ya kupumulia. Kwenu hamkufundishwa?"

Nikafungua mdomo nimtukane. Ikatoka pumzi.

"Tukana tu, nakuona midomo. Mama yangu amekwisha kufa, huyo mwache. Mtukane mume wangu, ndiye aliyeuza kuku wangu nikiwa huku."

Kesho yake ndipo aliponifundisha. Alikaa kitandani kwangu bila kuombwa, akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa. "Inamisha. Sasa geuza uso upande ule waliokukata sana. Zaidi. Kama unamwangalia mwizi wa mihogo yako. Haya, meza." Nikameza, ikapita. Wali ulinichukua miezi mingi zaidi, lakini njia ilikuwa ni hiyo, na mpaka leo nakula nimegeuza uso, mtu asiyenijua anadhani nimemnunia.

Tulipangiwa siku moja ya kurudi kuchunguzwa. Tukaahidiana kwamba atakayetangulia kufa ndugu zake walete habari, ili mwenzake asikae kwenye benchi akimsubiri bure.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nilikosa na mimi. Niliporudi kijijini sikuweza kumeza ugali wala wali. Nikila mbele za watu punje zinatoka puani, natokwa machozi, nakohoa kwenye chakula cha wenzangu. Niliona haya. Badala ya kusema, na kusema kwenyewe kulikuwa shida, nikachukua bakuli langu la bati, nikajitilia uji wa mtama, nikaenda kukaa nyuma ya jiko na kuwapa watu mgongo. Nilifanya hivyo msimu mzima wa kupalilia.

Kwetu mtu hajitengi na sinia bila sababu. Mwenye kujitenga ama ameapa, ama amegombana, ama ana kitu mwilini. Mimi sikuwa nimeapa, na sikuwa nimegombana na mtu. Wifi yangu akawajazia watu kilichobaki: hospitali wamemkataza kula na watu, ule ugonjwa unapita kwenye mate, ameuficha kwa haya. Nilikuwa nasikia kikohozi changu tu, maneno sikuyasikia. Niliona nazi ninayoikuna mimi haitumiwi. Niliona kata yangu ya maji imetundikwa peke yake. Nikadhani ni huruma, wananipumzisha. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Mpaka siku nilipoweza. Nilikuwa nimejifunza nyumbani na wali laini, kidevu chini, uso pembeni, tonge dogo. Adhuhuri hiyo nikaacha bakuli langu nyumbani, nikanawa, nikaenda kukaa kwenye sinia la wale watano. Nikasema bismillahi kwa pumzi yangu. Nikatia mkono.

Wakanyanyuka. Si kwa haraka. Mmoja alivuta kanga yake isiniguse, wa pili akanyanyuka, wengine wakafuata kama watu waliokwisha kushiba, na sinia lilikuwa limejaa. Wifi yangu ndiye aliyekuwa wa mwisho. Akasema, "Kula, wifi. Lote lako."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya ugali. Nilikula. Nilitaka wanione nikila, na nilikula mpaka tumbo likauma. Chakula kilichobaki wakawatupia kuku, na mpishi akaambiwa alisugue sinia kwa majivu na mchanga mara tatu. Nililisikia likisuguliwa.

Mume wangu nilipomwambia alisema, "Waache, watazoea." Alikuwa mtu mpole. Upole wake ulinichosha kuliko ukali wa dada yake. Kwenye kisomo cha watu wazima, ambako nilikwenda kwa sababu sauti ilikuwa haisikiki hatua tatu na nilitaka niweze japo kuandika, benchi langu lilikuwa langu peke yangu. Nilijifunza haraka. Sikuwa na mtu wa kupiga naye soga.

Niliyekuwa nazungumza naye alikuwa yule mtani, na yeye nilimwona siku za kliniki tu. Nilimweleza habari ya sinia tukiwa kwenye benchi. Hakusema pole hata mara hiyo. Aliniuliza, "Ulikula lote?"

"Nilikula mpaka nikashindwa."

"Watu wa kwenu wamekupa sinia zima na bado unalalamika. Mimi kwetu nilinyimwa hata hilo. Mume wangu alilala jikoni miezi sita." Akacheka, kisha akaongeza, "Alirudi mwenyewe baridi ilipoanza. Milimani kwetu kuna baridi."

Alinikagua. Alinibonyeza miguu, akaona imevimba, akanigombeza mbele ya watu kwa kuwa nilikuwa naruka vidonge ili vifike mbali. "Unaona unavyokwenda kama kobe? Unaona uso ulivyojaa? Wanasema umerogwa, na wewe unawasaidia." Alikuwa na haki. Nilikuwa natetemeka kwa baridi mchana wa jua kali, nasahau nilichokifuata ndani, na kijiji kizima kilikuwa kinaona ule ugonjwa unanila. Toka siku hiyo sikuruka tena.

Basi binti yangu akaposwa. Watu wa kijiji cha Pande, watu wa heshima. Na kwetu siku ya ndoa, wanaume wakishamaliza yao, mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi hula sinia moja chumbani, mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Wasipokula pamoja, ndoa ya mashehe imefungwa, lakini ya wanawake haijafungwa, na mke huyo ataishi huko kama mgeni. Hilo kila mtu alilijua. Wifi yangu alilijua.

Akaja nyumbani na jibu limeshapikwa. "Watu wa Pande wamesikia habari zako. Hawakatai, lakini mama yake kijana hatakula na wewe. Mimi ni shangazi wa bibi harusi, nitakaa mahali pako. Wewe utakuwa ndani, umepumzika."

"Nani aliyewapelekea?"

"Habari zina miguu, wifi."

Nikamwangalia mume wangu, akaangalia mlango. Nikamwangalia binti yangu. Alikuwa anapembua mchele kwenye ungo, hakuinua uso. "Mama," akasema, "siku moja tu. Kaa ndani siku moja tu." Na yeye nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Nilituma habari Kipatimu kwa mtu wa lori la misheni: mtani, njoo, nina shughuli na sina mtu.

Alifika siku moja kabla, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, amebeba mkungu wa ndizi na matusi. Aliwatukana wapishi, akamtukana mume wangu kwa kunenepa, akaonja kila sufuria. Watu wakafurahi, maana shughuli bila mtani imepooza. Hakuna aliyemwona shingo, alikuwa amejifunga ushungi. Usiku ule nilimweleza kisa chote. Akaniuliza, "Unataka nini hasa?"

"Nataka kukaa pale."

"Na wakinyanyuka?"

Nikamwambia nitakachomwambia mkwe. Akasema, "Hayo yaseme wewe mwenyewe. Mimi nitaondoa takataka tu."

Siku ya siku, chumba kimejaa, sinia limewekwa katikati, wali wa nazi na kuku. Mama wa bwana harusi amekaa upande mmoja, mwanamke mnene, mkimya. Wifi yangu amekaa upande wa pili, amevaa kanga mpya. Mtani akaingia, akasimama juu yake.

"Wewe ndiye uliyezaa?"

"Mimi ni shangazi."

"Sikukuuliza hilo. Toka, unakalia mahali pa watu." Akamshika kwapa akamwinua, na wanawake wakacheka, kwa sababu mtani ana ruhusa na mwenye kukasirika ndiye anayeaibika. Wifi yangu alijitahidi kucheka naye. Akajikuta amesimama ukutani. Kisha mtani akavua ushungi, akaonyesha kovu lake, refu kuliko langu. "Kama la huyu linaambukiza, basi na mimi nimeonja vyungu vyenu vyote tangu jana. Mmekwisha kufa, malizeni kula." Wapo waliocheka. Wapo walioshika matumbo.

Mimi nikaingia, nikakaa. Nikamwangalia mama wa bwana harusi. Ilibidi chumba kinyamaze ndipo sauti yangu isikike, na kikanyamaza.

"Mkwe mwenzangu," nikasema, "daktari aliniambia simwambukizi mtu, na mimi nakwambia. Kama huamini, nyanyuka. Lakini ukinyanyuka, mchukue na mwanao mwende naye. Binti yangu atabaki hapa."

Nyuma yangu nilimsikia binti yangu akisema, "Mama." Sikugeuka. Nataka ieleweke kwamba sikuwa natisha. Ningemrudisha kweli yule kijana kwao. Ningevunja ndoa ya mwanangu mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya mahali pangu mkekani, na miaka kumi angenichukia, na ningekaa nayo chuki yake.

Yule mama alitazama wali. Alitazama mlango, kule waliko wanaume wa kwao. Akanawa upya, polepole, akakata tonge kwenye ukingo wa sinia, mbali na mkono wangu, akala. Na mimi nikakata, nikainamisha kidevu, nikageuza uso, nikameza. Wanawake wakapiga vigelegele, vichache. Akala tonge la pili. La tatu hakulikata. Akasema amekwisha kushiba, alhamdulillahi, akatoka uani.

Dirisha lilikuwa upande wangu. Nilimwona akiteka maji kwenye mtungi, akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema. Akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akarudi ndani akiwa anatabasamu, akampa mkono binti yangu, akamwita mwanangu.

Mtani alikuwa amekwisha kukaa mahali pale palipoachwa wazi. "Amefanya nini huko?" akaniuliza chinichini.

"Amesukutua."

"Lakini alimeza?"

"Alimeza."

"Basi nisogezee kuku," akasema, "na ule na wewe, safari hii usikohoe."