Nywila Yangu Ilivyosomwa Mbele ya Jopo

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na ukitaka kucheka cheka tu, maana aibu yenyewe nimeshaibeba mpaka imenizoea.

Nilihangaika miaka miwili kupata cheti cha usalama wa mitandao (kile kinachoonyesha kwamba unajua kuwazuia wezi wa kwenye kompyuta), na siku nilipoona tangazo la kazi ya namna hiyo nilisoma masharti yake kama mtu anayesoma barua ya posa. Walitaka cheti, ninacho. Walitaka pia upekuzi, yaani kabla hujaajiriwa wanatumwa watu mpaka kwenu, kwa balozi wa nyumba kumi, kwa majirani, hata kwa mwalimu wako wa darasa la tatu, kuuliza kama unaweza kutunza siri. Nikawaza, mtu afunge safari mpaka kijijini kwetu Nkololo kuuliza habari zangu mimi, Masunja! Mwili ulinisisimka.

Sasa barua pepe yangu ya zamani ilikuwa na jina la utani la shuleni (silitaji), nikaenda mjini Somanda kwa dada Kulwa, mwenye steshenari, anifungulie nyingine. Akafungua, akachagua nywila, kisha akaiandika kwenye daftari lake la kaunta kama anavyowafanyia wote. "Mnasahau, halafu mnakuja kunililia," akasema. Nami mwenye cheti nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa na haraka.

Usaili ukafanyika kwa video, palepale kwa Kulwa, kwenye intaneti nzuri. Jopo la watu watatu, mwenyekiti wake mama mmoja mpole. Nikaulizwa nywila inalindwaje, nikaeleza mpaka nikajisikia raha: usiiandike popote, usimpe mtu. Mama akatabasamu.

"Vizuri sana. Tumekutumia fomu ya upekuzi. Fungua barua pepe yako uijaze sasa hivi."

Nikaandika nywila, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Na Kulwa, kwa huruma yake, akapaza sauti kutoka kaunta:

"Masunja mdogo wangu, usihangaike, iko hapa! P kubwa, halafu amba, halafu mwaka wako wa kuzaliwa!"

"Huyo ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ni... dada wa steshenari. Ameiandika kwenye daftari lake."

"Na wengine wangapi wamo humo?"

Kulwa akainama mbele ya kamera. "Wengi tu, mama! Walimu, manesi... karibu, na wewe nikuandike!"

Mama yule hakucheka. "Masunja, cheti tumekiona. Fomu usijaze."

Kazi ikaenda hivyo, na hakuna aliyehitaji kufika Nkololo.

Nilipopoa nikaomba kuliona lile daftari. Ndugu yangu, nusu ya mji ilikuwa mle, chini ya kikombe cha chai, na kwa miaka yote hiyo Kulwa hakuwahi kufungua barua ya mtu hata mmoja. Kama kuna mtu ambaye upekuzi ungempitisha, ni yeye. Lakini daftari halina moyo wa Kulwa, lingeweza kuokotwa na yeyote. Tukaanza kuwaita wenye nywila hizo wazibadilishe, mmoja mmoja, na bado tunaita.

Kwa hiyo, kama nawe uliwahi kuandikiwa nywila steshenari, fanya hivi: kwanza ibadilishe, kwa simu yako mwenyewe, ndipo uende ukaombe mstari wako ufutwe.