Sauti Yangu Juu ya Sauti ya Baba Zaina

Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana. Najua hivyo kwa sababu niliandika kwenye kaye, daftari langu la shule, kabla ya kubonyeza, kama mtu wa maana, na leo nikiuona mstari ule natamani kuingia chini ya kitanda. Nawaeleza kwa sababu mtaa mzima umeshaeleza kwa namna yake, basi aibu gani imebaki ya kuficha?

Kwanza mjue mwaka wangu ulivyokuwa. Vita vilikuwa vinaendelea, shule yetu hapa Kamina ilifunguliwa wiki mbili ikafungwa wiki nne, na mimi, ambaye nikisalimiwa na mtu mzima natazama vidole vya miguu yangu, nilikimbilia maktaba ya parokia. Sikutaka hadithi. Nilitaka mambo ya kweli: nyuki, moyo wa mtu, nyota, namna ya kuchimba choo. Tena masista walikuwa na vitabu vilivyosomwa kwenye kaseti kwa ajili ya wasioona, msomaji ni sista mmoja mwenye kikohozi (alikohoa hata katikati ya mshipa mkubwa wa damu), nami nikavisikiliza kwa radiokaseti ya marehemu babu huku nachekecha unga wa muhogo, na mapile, yaani betri zake, yakichoka nayaanika juani. Kitabu cha karatasi nilikuwa naruka kurasa zinazochosha. Kaseti ilinipitisha kwenye kila neno.

Mtaani nako kila siku kulikuwa na habari: maadui wamefika Kabongo, hapana, wamerudi nyuma, hapana, wanakuja kwa baiskeli. Hakuna aliyeona kitu. Vitabu vyangu vilisema, hili tumelipima, hili hatujui. Lile neno “hatujui” lilinipumzisha kuliko sala, Mungu anisamehe. Nikaanza kuwadharau watu kidogo kidogo, kimya kimya, jinsi mwenye haya anavyodharau.

Niliyemdharau zaidi ni Mama Zaina, jirani yetu, mtu wa Maniema, muuza chumvi na mafuta ya mawese. Mume wake alikwenda Kindu kufuata mali, vita vikakata reli, na kwa muda wa karibu mwaka hakuna aliyejua kama yuko hai. Mama huyu aliamini kila neno la sokoni: leo anacheka, kesho amefunga biashara analia.

Siku zile kwetu barua ilikuwa kaseti. Mtu anasema maneno yake, inapita mkono kwa mkono, mtumbwi, baiskeli ya samaki, treni, mpaka inafika. Mnasikiliza pamoja, kisha mnajibu juu ya kaseti ileile, maana mpya utaitoa wapi? Na kwa kuwa mashine ya kurekodi ilikuwa yetu, kaseti za majirani zililala kwetu.

Basi nimetoka kuchota maji, nyumbani hakuna mtu, juu ya radio kuna kaseti imeandikwa “Mama Zaina”. Nikajiambia ni ya zamani, imeshajibiwa. Kuisikiliza kwanza? Mapile yalikuwa dhaifu (sababu ya kijinga, lakini ndiyo hiyo). Nilitaka kumwekea Kambo, bibi yangu, ambaye macho yake hayashiki tena herufi, yale yote niliyojifunza mwaka mzima. Nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi, nikasema karibu nusu saa.

Saa kumi Kambo akarudi. Kumbe kaseti ameipokea yeye mchana kwa mtu wa treni, akaiweka pale, akaenda sokoni kumwita mwenyewe. Nyuma yake Mama Zaina, amejifunga kitenge kipya, na nyuma yake nusu ya mtaa.

“Uwashe, mwanangu, uwashe! Bwana yangu amefika!”

“Amefika wapi?”

“Si mu kaseti!”

Hapo ningesema. Sentensi moja tu. Macho ya watu kumi na tano yakanigeukia, nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikabonyeza.

“Nyuki malkia hachagui kuwa malkia,” ikasema sauti yangu.

“Eh! Bwana yako iko na sauti ya mwanamuke sasa?” akauliza Papa Ilunga, fundi wa baiskeli, na watu wakaanguka kwa kicheko.

“Munyamaze!” akasema Mama Zaina. “Labda anaanza na mufano.”

Akainama kusikia vizuri. Ndipo nikajisikia nikiendelea, kwa sauti ya mwalimu: “Jirani yetu Mama Zaina anaamini kila habari, kama kuku anayemeza kila kinachong'aa. Hajiulizi imetoka wapi.”

Kicheko kikakatika. Mama Zaina akanitazama, na laiti angenitukana.

“Na yeye iko wapi?” akauliza. “Bwana yangu. Iko wapi mu hii kaseti?”

Nikasogeza mbele. Mimi. Nikasogeza tena. Mimi bado. Halafu mkwaruzo, na sauti ya mwanamume: “...basi mufanye vile nimesema, musichelewe. Zaina, usome muzuri.” Kisha kimya.

Alikuwa hai. Mama Zaina alilia na kucheka, akanirudishisha maneno yale mpaka mapile yakafa.

“Tufanye nini, mwanangu? Amesema tufanye nini?”

“Sijui, mama,” nikasema, na safari hii neno hilo halikunipumzisha hata kidogo. Mwaka mzima nimewadai wengine moyoni waseme wamejuaje. Siku ile sikujiuliza mimi nimejuaje kama kaseti ni ya zamani. Sirekodi tena juu ya kitu chochote kabla ya kukisikiliza mpaka mwisho, hata kiwe kikohozi cha sista.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, Papa Ilunga akiwa ametuazima mapile, nilichukua kaseti yangu moja tu, yenye nyimbo za kwaya, na mbele ya Mama Zaina nikarekodi juu yake: jina langu, kosa langu, na ombi kwamba Baba Zaina aseme tena yote. Nikakimbia stesheni. Mtu wa treni alikuwa anapanda kurudi Bukama, ambako kaseti ingepokewa na watu wa mtumbwi.

“Ee! Weye njo mutoto ya nyuki?” akacheka, maana habari yangu ilishafika stesheni.

Nikamtazama usoni. Nikamwambia ujumbe wote kwa mdomo pia, kaseti isije ikapotea njiani, nikamwomba auseme mbele yangu. Akasahau nusu. Injini ilikuwa inanguruma, watu wanatutazama.

“Hapana, papa,” nikapaza sauti. “Urudilie tena.”